Bunduki ya Angani Imeegemea Wapi?

Lufingo, Jumapili jioni

Tusekile mwanangu,

Sanduku lako nimelifunga mimi mwenyewe. Najua Alhamisi ulisema huendi, na najua wewe ukisema kitu umesema. Hilo umelirithi kwangu, kwa hiyo sina wa kumlalamikia. Lakini sanduku limefungwa, tiketi ya basi iko ndani ya Biblia yako, na barua hii nimeitia kwenye kiatu cha kulia ili usiweze kuvaa viatu vya safari bila kuikuta. Habari za sabuni, sweta na kuchemsha maji ya kunywa sitaziandika. Wewe ni mtu mzima sasa, na maji unajua kuchemsha.

Ninaandika kwa sababu nikisema kwa mdomo utanijibu kabla sijamaliza. Tena kuna sababu nyingine. Tangu bibi yako afariki, wakati hata shule hujaanza, kila neno langu la kwenda kwa babu yako limepita kwako, na kila neno lake la kuja kwangu limepita kwako. Wenzako walibeba ndoo za maji, wewe ukawa unavuka migomba ile na maneno ya watu wazima kichwani. Maneno ya barua hii si ya kupeleka kokote. Ni yako peke yako. Ukishayasoma, yakae.

Nianze na Alhamisi, maana bado imenikwama kooni. Nilikuwa namenya ndizi, wewe umekaa kwenye kigoda unachambua maharage. Ukasema kama mtu anayesema mvua imekatika: "Mama, nimeamua. Siendi hiyo shule ya Kilimanjaro. Nitaomba ualimu hapa hapa karibu."

Nikakuuliza fizikia umeichoka lini. Ukasema hujaichoka. Nikakuuliza kama kuna mvulana, ukacheka. Kisha ukaniuliza taratibu, huku unatazama maharage: "Sasa mimi nikienda, nyie wawili mtaongea na nani? Baba kila siku yuko barabarani na lori lake la ndizi. Babu akiumwa, atamwambia nani?"

Niliendelea kumenya mpaka nikajikata kidole. Ukaenda kumweleza babu uamuzi wako, na jibu lake likaja upesi kuliko siku zote: "Babu anasema, mwambie mama yako mtoto ana akili. Kinachorushwa mbali, ama kinapotea moja kwa moja, ama kinarudi kuvunjikia palepale kilipotoka. Anasema hilo alifundishwa na wewe."

Hapo nilikasirika kwelikweli. Nilikasirika kwa sababu ni kweli nilimfundisha mimi, ila somo lenyewe sikuwa nimelimaliza.

Desturi yetu unaijua kwa kuiona. Mimi nimeiishi. Mkamwana hamtazami baba mkwe usoni, hasemi naye, hapiti njia anayopita, na jina lake halitamki. Wageni hudhani ni chuki. Ni heshima, na ina uzito wake. Nilipoolewa hapa nikitokea Kisiba, nikiona tu kofia yake inakuja juu ya majani ya chai, naingia shambani, hata kama shamba ni la mtu na nimevaa nguo za kanisani. Yeye naye alikuwa akikaribia kona anakohoa, ili nipate nafasi ya kukimbia. Nimeshachutama kwenye mifereji mingi ya kata hii, mimi mwalimu wa fizikia wa sekondari, nimejifunika kanga kichwani nangoja mzee apite, huku wanafunzi wangu wanapita juu wananiamkia, "Shikamoo mwalimu," nami naitikia marahaba kutoka mferejini.

Bibi yako ndiye aliyekuwa anatuunganisha. Alipoondoka, kazi ikakuangukia wewe. Mwanzoni yalikuwa maneno madogo madogo: mwambie babu chakula kiko tayari, mwambie mama yako mbuzi amekata kamba. Halafu ikaja video.

Ulikuwa darasa la sita. Biashara ilikuwa imeshafunguliwa, sabuni imerudi madukani, mitumba imefurika sokoni Tukuyu, na jamaa mmoja aliyekuwa akienda Tunduma na kurudi akaleta televisheni na jenereta, akawa anaonyesha picha kwenye ghala la zamani. Jumamosi moja babu yako akavaa lile koti lake refu la mtumba lenye vifungo vya kung'aa, akakuchukua mkaenda. Uliporudi ulikuja jikoni unahema. Ukanisimulia kwamba juu kabisa, nje ya dunia, kulikuwa na bunduki kubwa kuliko mji, inazunguka huko angani, na watu wabaya wakaielekeza chini wakafyatua, na mji mzima ukawaka. Nilidhani utasema uliogopa. Ukasema, "Babu anauliza, hiyo bunduki imeegemea wapi?"

Niliacha mwiko ndani ya sufuria.

Mzee yule ujana wake aliutumia kwenye migodi ya dhahabu huko kusini, na baruti anaijua. Anajua kuwa kitu hakisukumi mbele bila kusukuma na nyuma. Ghala zima lilikuwa linatazama moto, yeye alikuwa anatazama kitako cha bunduki. Nikakwambia, "Mwambie babu haijaegemea popote. Ikipiga risasi mbele, yenyewe inarudi nyuma." Ukatoka mbio. Ukarudi: "Babu anasema, basi wakipiga mara nyingi, bunduki itakuwa imeshahama." Nikasema mwambie ndiyo. Ukatoka tena, ukarudi tena: "Babu anasema basi wale watu wametudanganya, na picha yao harudi kuitazama."

Alirudi. Kila Jumamosi alirudi, na kila Jumamosi alikuja na swali.

Ndivyo tulivyokwenda msimu mzima wa mvua. Nilikutuma umwambie kuwa bunduki ile haikai juu kwa sababu iko juu. Inakaa kwa sababu inakimbia pembeni, karibu kilometa nane kwa kila sekunde. Inaanguka muda wote, ila kila inapoanguka, dunia nayo inakuwa imejikunja chini yake. Hakuamini, na wewe hukuamini. Basi nikakuchukua kwetu Kisiba, tukasimama kwenye ukingo ule wa juu, ziwa liko chini kabisa ndani ya shimo lake, tukarusha mawe. La kudondosha likatua kwenye nyasi miguuni. La kurusha kidogo likapotelea kwenye miti. La kurusha kwa nguvu zako zote, ukiwa umeng'ata ulimi, likafika majini. Nikakwambia: sasa fikiria mkono wenye nguvu mpaka jiwe liikose dunia. Tuliporudi ukaenda moja kwa moja kwa babu, nami nikajibanza kwenye migomba kusikiliza. Ulimweleza kwa maneno yako, si yangu, na ulimweleza vizuri kuliko nilivyokueleza mimi. Sikuwahi kukwambia. Nakwambia leo.

Akauliza: kama bunduki inakimbia pembeni, je, ikielekezwa chini kabisa, risasi haikimbii pembeni nayo? Nikatuma jibu kwamba inakimbia. Risasi isiyo na kasi kubwa, ukiipiga chini moja kwa moja, haitui chini. Inaizunguka dunia yote na kuja kumwangukia mwenye bunduki kichwani. Anayetaka ishuke lazima aipige kuelekea nyuma, kule bunduki inakotoka, ili aipunguzie mbio. Na akipiga nyuma, bunduki yake yenyewe inasukumwa mbele. Mzee alicheka mpaka akakohoa. Nilimsikia kutoka jikoni. Miaka yote niliyokuwa mkamwana wake nilikuwa sijawahi kumchekesha, na nikajikuta nacheka peke yangu na sufuria.

Baada ya hapo akaachana na bunduki za video, akatunga ya kwake. Mzinga mkubwa, mtutu wake umechimbwa ndani ya Mlima Rungwe, mdomo uko kileleni juu ya mawingu, kwa sababu nilishamtumia habari kwamba hewa ya chini ni nzito na ingelichoma kombora. Na ndani ya kombora akaweka msichana. Nilitegemea mvulana, nikakuuliza mara mbili. Ukasema, "Ni msichana, mama. Babu amesema."

Nikakokotoa. Kombora likipewa kasi yote ile ndani ya mlima mmoja, msichana ataelemewa na uzito wake mwenyewe zaidi ya mara elfu. Nikatuma neno moja: uji. Akaurefusha mtutu mpaka Kyela, uanzie ziwani Nyasa na kupanda mteremko wote hadi kileleni. Nikakokotoa tena, ikawa mara hamsini na kitu. Nikatuma: bado ni uji, ila uji mzito. Akauliza uanzie wapi basi. Nikamwambia uanzie mbali kuliko Dar es Salaam. Ulirudi unacheka huna mbavu: "Babu anasema serikali haina mabomba ya kufika huko. Labda wayalete hao wawekezaji wanaosemwa watanunua kiwanda cha chai."

Halafu nikafanya kosa ambalo mpaka leo nikilikumbuka natafuta mfereji. Alikuwa amekutengenezea bunduki ya mwanzi, ile ya watoto, unaziba huku na huku kwa karatasi iliyoloweshwa, unasukuma kijiti, hewa inabanwa katikati na karatasi ya mbele inaruka. Mlikuwa karibu na jiko. Nikamsikia anakwambia kwamba ukiongeza nguvu ya kusukuma, risasi itaongezeka mbio bila mwisho, na ndivyo mzinga wake utakavyofanya kazi. Mimi nina ugonjwa wa ualimu. Kitu kikikosewa mbele yangu, mdomo unatangulia. Nikasema kwa sauti kubwa, kutoka ndani, nikimwita baba: "Si kweli, tata! Hewa haiwezi kuisukuma risasi kwa kasi kuliko inavyoweza kukimbia hewa yenyewe!"

Wewe uliganda na mwanzi mkononi. Nilichungulia kwenye upenyo nikaona koti lake limeshageuka, limeelekea kwenye chai, naye anatembea haraka haraka kama mtu aliyekutwa anaoga. Baada ya hapo alikuwa anazunguka kwa jirani ili asipite karibu na jiko langu. Nilikutuma na mkungu mzuri wa ndizi kuomba radhi, akaupokea hakusema kitu. Nilidhani nimeharibu kila kitu. Siku nyingi zikapita, kisha ukaja mlangoni, ukasimama wima kama tarishi: "Babu anauliza, kuna hewa gani nyepesi inayokimbia kuliko hii?"

Nikakwambia ipo, inaitwa haidrojeni. Nikakaa chini kwenye kigoda. Alikuwa amenisamehe, na tena alikuwa amenisikia.

Kuna ujumbe wake mmoja ambao ulinitendea kazi kubwa kuliko vitabu vyote vya ualimu nilivyosoma. Ulikuwa kidato cha pili. Nilikuwa nimeamua utakuwa wa kwanza katika hesabu na fizikia, upende usipende. Nilikuwa nakuamsha kukiwa bado giza ufanye maswali, nikikuta kosa unarudia ukurasa mzima, na chai hunywi mpaka umalize. Asubuhi ya mtihani ulitapika getini pa shule. Nikakunawisha uso, nikakusukuma uingie. Ulipotoka hukuja nyumbani, ulikwenda kwa babu, na jioni ukaja hunitazami. Ukasema, "Babu anasema, mwambie mama yako mtutu wake ni mfupi."

Ulikuwa huelewi kwa nini nililia. Nilikwambia ni moshi. Haukuwa moshi, Tusekile. Mimi mwenyewe ndiye niliyekokotoa hesabu ile ya uji, nikaiona ya kuchekesha, na mtoto aliyekuwa anasagika ndani ya mtutu alikuwa wa kwangu. Kesho yake sikukuamsha. Uliamka mwenyewe, baada ya majuma kadhaa, ukawasha kibatari ukaanza kufanya maswali, na mimi nikajifanya nimelala.

Huko uendako utakuta walimu wenye mitutu mifupi kuliko wangu. Watakuambia haraka, haraka, wenzako wamefika. Ukihisi unakuwa uji, usione aibu kupunguza. Kasi ni ileile ukiipata polepole. Hilo nililijua kwenye ubao miaka mingi kabla ya kulijua nyumbani kwangu.

Sasa turudi kwenye hadithi ya mzinga, maana ndiyo iliyotufikisha Alhamisi. Unakumbuka iliishia wapi. Msichana amewekewa magodoro, mtutu umetoka huko baharini umekatiza nchi nzima, kombora limetoka kileleni, limepita mawingu, limekwenda upande wa pili wa dunia. Babu akauliza: halafu? Nikatuma jibu kwamba halafu linarudi. Kitu kilichosukumwa mara moja tu, kutoka chini, njia yake lazima ipite tena pale kilipoanzia. Kikiwa na kasi mno hakirudi kabisa, kinapotelea gizani. Kikiwa na kasi pungufu, kinapanda, kinageuka, na kuja kuugonga mlima uleule. Babu akasema, "Basi amekufa," na hakutaka kuendelea. Wewe ukaingia kwenye mitihani, mimi kwenye masahihisho, na msichana wa watu akabaki huko juu anaanguka.

Jibu nilikuwa nalo. Sikulituma kwa sababu nilitaka ulipate mwenyewe, na bado naona ulikuwa unastahili kulipata mwenyewe. Lakini babu yako amelichukua somo langu nusu akalifanya kamba ya kukufungia hapa, na wewe umekubali kufungwa kwa sababu unatupenda. Sitakubali. Sijawahi kuwa na uhakika wa jambo kama nilivyo na uhakika wa hili.

Leo ulipobaki kanisani na kwaya, nilimkamata yule kuku mweusi, nikamfunga mguu, nikavuka migomba. Ndiyo, mimi. Babu alikuwa amekaa barazani kwake, upande wa mbele, na mbuzi amefungwa kwenye nguzo. Nikazunguka nyuma ya nyumba, nikakaa chini nimeupa ukuta mgongo, kuku mapajani. Nikakohoa, kama anavyokohoa yeye akikaribia kona. Kisha nikaanza kuongea na kuku, kwa sauti ile ya kumfikia mwanafunzi wa dawati la mwisho.

"Gwe kuku," nikasema, "kuna mtu nilimfundisha somo nikaliacha katikati. Nimekuja kulimaliza."

Nikasikia kigoda kinalia. Alikuwa amenyanyuka. Nikambana kuku mpaka akaanza kulalamika. Nikajiambia, akiondoka aondoke, mimi mferejini sirudi. Nikaendelea. Nikamweleza kuku kwamba kombora likifika juu kabisa, pale lilipopunguza mbio, kabla halijaanza kurudi, hapo ndipo linapohitaji kusukumwa mara ya pili. Likipata msukumo huo, haliugongi mlima wala halipotei. Linazunguka. Linakwenda mbali kweli, lakini kila zamu yake ikifika linapita tena juu ya nyumba za watu wake.

Mvua ikaanza kudondoka kwenye bati. Kigoda kikalia tena, nikajua amekaa.

"Gwe mbuzi," akasema. Nilishtuka, sauti ile nilikuwa nimezoea kuisikia ikitoka kinywani mwako. "Muulize kuku. Huko juu hakuna mtu, hakuna mlima. Nani wa kumsukuma? Ataegemea wapi?"

Swali lilelile la ghalani.

"Kuku," nikasema, "haegemei popote. Anasukumwa na anachokitupa. Humo ndani ana bunduki yake ndogo. Anapiga nyuma, kule alikotoka, naye anakwenda mbele."

"Mwenyewe?"

"Mwenyewe, kuku. Sisi wa chini hatumfikii."

Mbuzi akalia, naye akamnyamazisha. Kisha akasema, "Basi lazima awe na cha kutupa."

"Lazima."

"Na mtoto yule ana nini? Hana kitu. Ana sanduku la bati na viatu."

Nimefundisha jambo hilo miaka mingi, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniuliza. Mzee aliposema tena, sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Mbuzi, mwambie kuku hivi. Mtoto yule amebeba maneno yetu tangu hajang'oka jino la kwanza. Ni mzigo mzito fijo, mzito mno. Mimi nilizoea nikaona ni kazi yake. Akifika huko, ayatupe. Ayatupe kwa nguvu."

Nililia, mwanangu, na mara hii hakukuwa na jiko la kusingizia moshi. Naye nilimsikia anapenga kamasi. Tulikaa hivyo, ukuta katikati yetu, mpaka mvua ikapungua. Halafu akamuuliza mbuzi basi la kesho linapita saa ngapi pale njiapanda. Nikamwambia kuku ni alfajiri.

"Basi nitakuwepo barabarani," akasema.

"Na mimi nitakuwepo, kuku," nikasema. Nilikuwa nimeamua, ila nilifumba macho nikingoja.

Akafikiri. Akasema, "Barabara ni pana," kisha akashukuru: "Ndaga."

Hayo ndiyo yaliyotokea wakati wewe unaimba. Alhamisi uliniuliza tutaongea na nani, na sikuwa na jibu. Sasa ninalo. Tutaongea vibaya vibaya mwanzoni, kwa kukohoa na kuzunguka nyumba, na watu watatucheka. Wacheke. Akiumwa, atamwambia mbuzi, na mimi nitasikia, maana kuanzia leo dirisha langu la upande ule sifungi. Baba yako akirudi na lori lake atadhani tumerukwa na akili, nitamweleza.

Wewe ukienda, nenda kweli. Usiende mwili ukaacha masikio hapa kwenye migomba. Siku utakapoona mambo yamekuwa magumu na kila kitu kinakuvuta urudi, usitafute wa kukusukuma wala pa kuegemea. Nami sitakuwa karibu, na ningekuwa karibu ningekusukuma kwa kasi mno, unanijua. Kumbuka tu ruhusa ya kutupa uliyopewa na mzee. Likizo ikifika, zamu yako ya kupita juu ya Rungwe itakuwa imefika, nami nitapika mbalaga ya ndizi, na utamweleza babu mwenyewe msichana wa kwenye kombora alifika wapi. Amesema anangoja, na safari hii anataka hadithi yote itoke kwako.

Kesho ukishapanda basi, geuka mara moja utazame nyuma. Utatuona wote wawili upande mmoja wa barabara. Yeye atakuwa anatazama chai, mimi nitakuwa natazama miguu yangu. Usihangaike kufikiria nani anataka kumwambia nini mwenzake.

Vaa viatu, Tusekile. Nenda. Sisi tuna kuku na mbuzi.

Mama yako